Saini Isiyo na Pacha

Alipozaliwa Mdogo hakuna aliyekuwa akimngoja. Mama yao alikuwa amekwisha kufutwa jasho, mtoto amekwisha kukatwa kitovu na kulia mpaka akachoka, mkunga ananawa mikono, ndipo mama akasema, "Jamani, mbona huku bado kunauma?" Mkunga akarudi mbio na mikono ikichuruzika. Ndiyo maana wa kwanza akaitwa Mkubwa na huyu wa pili akaitwa Mdogo, ingawa kati yao haukupita hata muda wa chai kuchemka. Majina ya kwenye vyeti walipewa, tena mazuri, lakini hayo yalikaa kwenye vyeti. Mitaani na nyumbani walibaki Mkubwa na Mdogo mpaka mvi zikawaota.

Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Sauti moja, mwendo mmoja, mwanya mmoja katikati ya meno ya juu. Waliandika kwenye kibao kimoja, kila mmoja upande wake, wakipokezana kipande kimoja cha chaki, na mwandiko nao ukatoka mmoja. Mdogo alikuwa hodari wa hesabu, Mkubwa hodari wa kila kitu kinachotaka mdomo. Basi siku ya hesabu za kichwa, watoto walipoitwa mmoja mmoja mbele ya mwalimu, Mdogo aliitika mara mbili, na siku ya kuimba Mkubwa akaimba mara mbili, na nyumbani wakapokewa kwa vigelegele wote wawili.

Wakasomea ukunga. Wangesomea nini kingine? Katika hadithi ya kuzaliwa kwao, iliyosimuliwa kila alipofika mgeni, mtu mkubwa kuliko wote duniani alikuwa yule mwanamke aliyerudi mbio na mikono iliyolowa.

Zahanati waliyofanyia kazi ilikuwa na chumba kimoja cha kuzalishia, vitanda viwili na pazia katikati, ukuta uliopakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa bega, na sinki la bomba refu linalofunguliwa kwa kiwiko. Humo kina mama waliwaita wote Shangazi. Aliyerudi na mimba ya pili alimkumbatia yeyote aliyemkuta mlangoni: "Shangazi, wewe ndiye uliyenizalisha!" Naye aliyekumbatiwa alipokea asante bila kubisha, akijua itafika. Hata mume wa Mkubwa, dereva wa lori, alikuwa na msemo wake. "Mimi nikirudi safari simsalimii mtu mpaka nigombezwe," alisema. "Anayenigombeza ndiye wangu."

Na baina yao lilikuwapo neno moja lililofanya kazi ya maneno mengi: nishikie. Mmoja akiumwa na jino, nishikie. Mmoja ana mazishi, nishikie. Mwenzake alivaa koti, akaingia zamu, akazalisha, akaandika taarifa ya mtoto na kutia saini, na saini ile ilikuwa ya yeyote kati yao. Hawakuona kwamba wanadanganya. Mtoto alikuwa amepokewa na mikono inayojua, basi.

Ilikuwa ni kwa neno hilohilo kwamba, miaka mingi nyuma, watu walipoitwa kuandikishwa vitambulisho katika uwanja wa shule, Mdogo hakwenda. Siku hiyo alikuwa na mama ambaye mtoto wake alitanguliza matako, na hapo hakuna mkunga anayeondoka. "Nishikie," alisema bila kugeuka. Mkubwa akapanga foleni, akapigwa picha yake, akaweka vidole vyake kumi. Kisha akatoka nje, akafunga kilemba kwa namna nyingine, akarudi mkiani mwa foleni, akapigwa picha ya pili na kuweka vidole vilevile kwa jina la mdogo wake. Jioni walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kile kilikaa muda mrefu kabla ya kugeuka.

Siku moja daktari mkuu wa zahanati aliwakusanya wafanyakazi asubuhi, akasema taarifa za kuzaliwa kwa karatasi zimefikia mwisho. Kuanzia mwezi unaokuja kila mtoto ataandikishwa kwenye kompyuta, papo hapo, na mkunga aliyempokea atatia saini ya kielektroniki. Kila mkunga aende akachukue cheti cha kidijitali na kadi yake.

"Na asiye nacho?" akauliza Mkubwa, ambaye hakujua kukaa na swali.

"Ataingia stoo, atapanga glovu mpaka akipate. Chumba cha kuzalishia haingii. Sheria si yangu, shangazi, usinitazame hivyo."

Ofisi ya vyeti ilikuwa juu ya duka la viatu. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo, na viti vilikuwa vimeungwa vitatu vitatu kama watu waliokatazwa kuachana. Afisa alikuwa binti wa miwani, mpole, mwenye mazoea ya kupiga meza kwa kucha akisubiri kompyuta. Mkubwa alitangulia kama alivyotangulia maisha yote. Akaweka vidole, akachagua namba ya siri, akatoka na kadi yake akiipunga hewani. "Rahisi kama kumeza mate!"

Akaketi Mdogo. Binti akaandika namba ya kitambulisho, kucha zikapiga meza, kisha zikaacha.

"Shangazi, namba hii imefungwa leo hii."

"Imefungwa na nani?"

"Na mashine. Inasema wewe ni nakala."

"Nakala ya nini, mwanangu?"

Binti akatazama mlangoni. "Ya huyu aliyetoka sasa hivi. Vidole vyake vimeonekana kwenye majina mawili, basi jina la pili limefungwa. Hebu weka vyako."

Mdogo akaweka. Mashine ikatafuta, ikatafuta.

"Havipo," akasema binti.

"Havipo vipi, na hivi hapa?"

"Mkononi vipo. Kwenye kumbukumbu havipo. Havilingani na mtu yeyote."

Mdogo akaigeuza mikono yake juu ya meza na kuitazama kama ya mgeni. Mikono hii ilikuwa ya kwanza kugusa vichwa vya nusu ya watoto wa mtaa ule. Kumbe kwa hesabu za mashine jina lake lilikuwa na vidole vya dada yake, na vidole vyake havikuwa na jina.

Mkubwa alikwisha kurudi ndani na kufungua mdomo, tayari kutunga. Mdogo akamtangulia, labda kwa mara ya kwanza katika maisha yao. "Alinishikia," alisema.

"Alikushikia nini?"

"Foleni."

Binti akavua miwani. "Alikushikia foleni, na uso, na vidole kumi?"

"Kulikuwa na mtoto aliyetanguliza matako," akasema Mdogo, kama vile hapo hapana tena la kueleza. Mkubwa akaitikia kwa kichwa, naye kwake halikubaki la kueleza.

Binti alijaribu kutocheka, akashindwa kidogo, akavaa tena miwani. Njia ipo, alisema. Daktari mkuu athibitishe kwa saini yake kwamba anawajua watu wawili. Na mwenye vidole aandike kwamba ni yeye aliyesimama mara mbili, atie saini kwa kadi yake mpya. "Lakini nikuambie mapema, shangazi. Saini ya kalamu mtu anaweza kuikana kesho, akasema imeghushiwa. Hii haikaniki. Ukishatia, ni wewe, na maneno ni hayohayo, leo na siku zote."

"Na wakubwa wakisoma?" akauliza Mkubwa.

"Mara nyingi huandika onyo."

"Na mara nyingine?"

Binti akaanza kupiga meza kwa kucha, ingawa hakuwa akisubiri kompyuta.

Walishuka ngazi. Mkubwa alikuwa karibu kustaafu. Kazi aliyoianza akiwa msichana ilikuwa imebakiza mwendo mfupi tu, na kiinua mgongo kilikuwa kimeshapangiwa paa jipya. Nyumba zao ziligawana ukuta mmoja, na kila alasiri Mkubwa alikuwa akiugonga kwa kijiko kuita chai. Alasiri ile ukuta ulinyamaza. Mdogo aliketi na kufua sare ambayo haikuwa chafu. Alijiambia stoo si kaburi, glovu nazo zinahitaji mtu. Lakini kila alipofikiri kwamba mwanamke atapiga kelele nyuma ya pazia la bluu, na yeye yuko upande wa pili wa ukuta akipanga maboksi, mikono ilisimama ndani ya povu.

Asubuhi alipofungua mlango alimkuta Mkubwa kibarazani, amevaa gauni la kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda. Vaa viatu."

"Acha, Dada. Mimi nitakwenda stoo. Paa lako je?"

"Paa ni bati. Wewe ni bati?" Mkubwa alisema kwa ukali, lakini macho yalikuwa mekundu. "Usiku sikulala. Nimewaza, nikakuta mimi nimekusimamia maisha yote kwa kujifanya wewe. Hata siku moja sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema huyu si mimi. Huyu ni mdogo wangu, mtu kamili, na ana mikono yake. Vaa viatu kabla sijaogopa tena."

Walipofika, binti alikuwa amekwisha kumwandikia daktari mkuu na saini yake ilikuwa imefika, naye daktari hakuwa amenyanyuka kwenye kiti chake kule zahanati. Hapakuwa na tarishi wala bahasha. Binti akawaonyesha kwenye skrini: jina la daktari, maneno yake, na alama ya kijani pembeni. Mkubwa akaandika yake kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kila neno kwa sauti. Mimi, mwenye jina hili, siku ile nilisimama mara mbili. Vidole vilivyo kwenye jina la ndugu yangu ni vyangu. Yeye ni mtu mwingine. Akachomeka kadi, akabonyeza namba yake ya siri, akafumba macho kama anayechomwa sindano. Alama ya kijani ikatokea.

"Sasa tazameni," akasema binti, na uso wake ukawa wa mtu anayependa kazi yake. Alichukua nakala ya maneno yale, akafuta nukta moja tu mwishoni. Kijani kikawa chekundu. Akairudisha nukta. Kikawa kijani.

"Rudia," akasema Mdogo.

Akarudia. Nukta ndogo kama mbegu ya mchicha, ikiondoka ukweli wote unavunjika, ikirudi unasimama. Mdogo aliyekuwa akisaini karatasi tangu ujana, karatasi ambazo mtu angeweza kuongeza mstari mzima chini yake na wino usijali, alivuta kiti karibu.

"Na hii kompyuta inajuaje kwamba kadi ni ya dada yangu?"

"Kwa sababu ofisi hii imemshuhudia. Cheti ni hicho tu, shangazi, ni ushahidi. Ofisi inasema, kadi hii tumemkabidhi huyu, tunamjua."

"Na ofisi hii anaishuhudia nani?"

"Mamlaka iliyo juu yake, kwa saini kama hizi."

"Na hiyo mamlaka?"

"Ipo ya juu kabisa."

"Na ya juu kabisa anaishuhudia nani?"

Binti akatabasamu. "Inajishuhudia yenyewe."

Wale ndugu wawili wakatazamana. "Basi hapo tupaache," akasema Mkubwa kwa sauti ya chini, "mtu asije akatusikia." Wakacheka wote watatu, lakini ngozi ya Mdogo ilikuwa imesisimka. Alikuwa ameona kamba ndefu iliyofumwa kwa kujuana, mtu kumjua mtu, ikapanda mpaka mahali ambapo swali lenyewe huishiwa pumzi. Na sasa mwisho wa kamba ile, upande wa chini, ulikuwa unafungwa kwenye kifundo cha mkono wake.

Binti akachukua vidole vyake, kimoja kimoja. Mashine ikavipokea. Akapigwa picha, na alipoambiwa atazame mbele alitazama mbele, peke yake. Kisha kadi mpya, nyeupe, ikaingizwa kwenye kifaa, na taa ndogo ikaanza kuwaka na kuzima.

"Inafanya nini?"

"Inatengeneza funguo mbili. Mmoja tutautoa, tutauonyesha kwa dunia nzima, na huo ndio watu watakaoutumia kukagua saini yako. Wa pili ni wa siri. Unatengenezwa mle mle ndani ya kadi na hautoki kamwe. Mimi siuoni. Aliyetengeneza kadi hauoni. Hata wewe hutauona."

Mdogo akainama kwenye kile kitaa. Kwa hiyo kuna kitu kinazaliwa humu sasa hivi, alifikiri, gizani, pasipo mkunga. Hakuna atakayekiona uso, hakuna atakayekiosha, na bado kitaishi na kuitwa kwa jina langu. Mikono yake ilijinyoosha yenyewe kidogo, kwa mazoea, kama ya kupokea. Taa ikatulia.

"Tayari. Chagua namba ya siri. Sisi wawili tugeuke."

"Mimi pia?" akasema Mkubwa.

"Wewe hasa."

Mkubwa akageukia ukuta, akinung'unika. "Kama sijui atakachoandika! Siku ya kuzaliwa, na siku ya kuzaliwa ni yangu pia." Mdogo alikaa na vidole juu ya vitufe. Akapitia tarehe zote za maisha yao, akakuta zote ni za watu wawili. Kisha akakumbuka namba moja iliyokuwa yake tu, akaiandika. Ilikuwa namba gani? Msimuliaji naye aligeukia ukuta.

"Niruhusu nijaribu," akasema Mkubwa alipogeuka. "Mchezo tu."

Binti akamtazama Mdogo, Mdogo akakubali. Mkubwa akabonyeza siku ya kuzaliwa. Ikakataa. Akafikiri, akatabasamu kwa ushindi, akabonyeza tena. Ikakataa.

"Mara ya tatu itajifunga," akaonya binti.

Mkubwa akainua mikono. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kama anayemwona mtu shambani kwa mbali na kumtambua taratibu. "Wewe!" alisema. "Una mambo."

Mwisho binti akaandika sentensi moja, ileile, kwenye madirisha mawili ya skrini: Nimempokea mtoto akiwa hai. Mkubwa akatia saini upande wake, Mdogo upande wake. Binti akafunua kile kinachofichwa nyuma ya alama ya kijani: msururu mrefu wa herufi na namba zisizosomeka. Mdogo akaweka kidole kwenye msururu wa kwanza na kingine kwenye wa pili, akaenda navyo sambamba akitafuta mahali inapofanana. Akafika mwisho wa mstari, akashuka, akafika mwisho tena. Haikufanana. Maneno yaleyale, saa ileile, watu waliogawana tumbo moja na chaki moja, na mashine isiyojali hata sura zao ilikuwa imewatenga kama mchana na usiku.

Mkubwa akamgusa bega.

"Unalia?"

"Sijui ninachofanya."

"Kwa hiyo sasa nikikwambia nishikie?"

"Nitakushikia mama, nitakushikia mtoto, nitakushikia hata mumeo asiponisalimia. Lakini jina nitaandika langu."

Mkubwa akalimeza hilo. Lilikuwa na uchungu kidogo, kama dawa, na kama dawa alilimeza lote. "Afadhali," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimechoka kuimba mara mbili."

Onyo lilikuja baada ya wiki kadhaa, la maneno makali. Mkubwa alilisoma mbele ya wafanyakazi wenzake kwa lahani ya tenzi mpaka daktari mkuu akaomba atulie. Kazini akabaki. Alasiri hiyo ukuta uligongwa kwa kijiko.

Mwezi mpya ulipoanza, asubuhi na mapema, aliingia mama kijana akitembea kwa kushika ukuta. Mimba ya kwanza, woga wa kwanza. Mdogo alikaa naye, akamfundisha kupumua, akamtania, akamkemea ilipobidi, na jua lilipofika kwenye ukingo wa dirisha mtoto wa kike akateleza mikononi mwake na kulalamikia baridi ya dunia. Akamkausha, akamlaza kifuani mwa mama yake. Akafungua bomba kwa kiwiko, akanawa mikono, akajikausha kidole kwa kidole.

Kisha akaiendea kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya pembeni. Akaandika uzito, saa, jinsia. Akachomeka kadi. Akabonyeza namba yake, mkono mwingine ukikinga vitufe ingawa chumbani hamkuwa na mtu wa kuchungulia. Kulikuwa na kungoja kidogo. Alama ya kijani ikatokea, na chini yake, kwa herufi nyembamba, jina la mkunga, refu, kamili, jinsi lilivyoandikwa siku ile ambayo hakuna aliyekuwa akilingoja.

Hakuondoka. Alisimama pale na kadi mkononi.

"Kuna tatizo, shangazi?" akauliza yule mama kitandani, akimkumbatia mwanawe kwa hofu. "Jina limekosewa?"

"Hapana, mama," akasema Mdogo. "Liko sawa. Nalisoma tu."

"La mtoto?"

"La kwangu."

Akaja kitandani kumtazama mtoto.